Kuchanja Nguruwe Madume Dhidi ya Harufu ya Dume: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kalenda Hadi Machinjioni

Nyama ya nguruwe dume aliyefikia balehe inaweza kuwa na rangi nzuri na mafuta machache, na bado ikamfukuza mlaji jikoni pindi mafuta yake yanapoanza kuyeyuka kikaangoni. Harufu hiyo, ambayo wengine huifananisha na mkojo na wengine na kinyesi, ndiyo iliyowafanya wafugaji tangu zamani wawahasi madume kwa kisu wakiwa bado wananyonya. Mwongozo huu unahusu njia nyingine, yaani kumchanja dume mchanga dhidi ya homoni ya mwili wake mwenyewe ili korodani zake zipoe wiki chache kabla ya kuchinjwa. Kwa maneno ni kazi ya sindano mbili tu. Kwa vitendo ni kazi ya kalenda zaidi kuliko sindano, na wengi wanaoshindwa hushindwa kwa sababu wamehesabu kuanzia siku nguruwe alipozaliwa, ilhali siku inayotawala mpango mzima ni ile atakayochinjwa.

Harufu inatoka wapi

Vitu viwili ndivyo vyenye lawama kubwa. Cha kwanza ni androstenoni, ambayo hutengenezwa ndani ya korodani pamoja na testosteroni, husafiri kwa damu hadi kwenye tezi za mate, na huko hutolewa pamoja na povu la mdomoni ambalo dume hulitumia kumwita jike. Kwa kuwa androstenoni hupenda mafuta, sehemu yake hujificha katika mafuta ya mwili na kubaki humo hadi moto wa jiko uiamshe. Cha pili ni skatoli, ambayo haitoki kwenye korodani kabisa: hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wanapovunjavunja triptofani, mojawapo ya asidi amino za protini, kisha hufyonzwa na kupelekwa kwenye ini ili isafishwe. Nguruwe jike na dume aliyehasiwa nao hutengeneza skatoli, lakini ini lao huiondoa bila shida. Kwa dume mzima homoni za korodani hupunguza uwezo huo wa ini, na hivyo skatoli hulundikana katika mafuta pamoja na mwenzake.

Viwango ambavyo mara nyingi huchukuliwa kuwa mpaka wa kukubalika ni mikrogramu 0.5 hadi 1.0 za androstenoni, na takriban mikrogramu 0.20 hadi 0.25 za skatoli, kwa kila gramu ya mafuta. Si kila dume mzima huvuka mipaka hiyo, na si kila mtu ana pua ya kuisikia androstenoni, kwani uwezo huo hutegemea urithi na kwa wastani wanawake huisikia zaidi ya wanaume. Mfugaji asijidanganye kwa sababu yeye mwenyewe hasikii kitu: mnunuzi mmoja akikumbana na kipande chenye harufu, haulizi kama vipande vingine kumi vilikuwa vizuri.

Hatumpi homoni, tunamnyima

Watu wengi huiita kazi hii matibabu ya homoni, na jina hilo huzua hofu isiyo na msingi pamoja na moja yenye msingi. Yenye msingi inahusu zamani. Kuna wakati madume walipewa estrojeni (homoni za kike) za kutengenezwa, zikiwemo za jamii ya stilbeni kama DES, ili kuzima korodani kwa kuudanganya ubongo. Estrojeni hizo zilifanya kazi, lakini mabaki yake katika nyama yalikuwa jambo zito, hasa baada ya mwaka 1971, DES ilipohusishwa na saratani kwa mabinti ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito. Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku stilbeni kwa mifugo mwaka 1981, na agizo lake la 96/22 la mwaka 1996 liliimarisha katazo la homoni za kukuzia mifugo. Mtu akikushauri leo umdunge nguruwe wako estrojeni au umpachike kidonge cha homoni chini ya ngozi ili nyama iwe laini, mwache aende zake.

Chanjo ni jambo tofauti. Ubongo wa kila mnyama, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, hutoa homoni ndogo ijulikanayo kama GnRF, ambayo huiamuru tezi ya pituitari itoe homoni mbili, LH na FSH, nazo huziamuru korodani zifanye kazi. Chanjo ina kipande cha kutengenezwa kinachofanana na GnRF lakini kisicho na nguvu ya homoni, kilichounganishwa na protini ngeni ili kinga ya mwili ikione kama adui. Mwili hutengeneza kingamwili, kingamwili huikamata GnRF halisi kabla haijafika kwenye pituitari, na amri ya kwenda kwenye korodani hukatika njiani. Androstenoni huacha kutengenezwa, ini hurudia kazi yake ya kuondoa skatoli, na iliyokwisha kulundikana huisha polepole. Chanjo ya kwanza ya aina hii kuenea sokoni, Improvac, ilisajiliwa Australia mwaka 1998, ikakubaliwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2009, na Marekani mwaka 2011 kwa jina la Improvest. Kipindi cha kungoja kati ya sindano na kuchinja kwa ajili ya mabaki ya dawa ni siku sifuri, kwa kuwa hakuna homoni iliyoingizwa. Sababu ya kungoja wiki kadhaa ni harufu yenyewe, inayohitaji muda ili itoke kwenye mafuta.

Kabla ya kununua hata chupa moja

Zungumza na daktari wa mifugo, kwa sababu masharti ya chanjo hii hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, na karatasi iliyomo ndani ya boksi ndiyo sheria ya boksi hilo. Vipimo nitakavyovitaja ni vile vya kawaida, na karatasi yako ikisema vingine, fuata karatasi.

Kisha zungumza na machinjio. Madume hawa watafika wakiwa na korodani zao, na mkaguzi asiyejua walichanjwa anaweza kuwaweka katika kundi la madume wazima, kuwapunguzia bei au hata kuwakataa. Ni vyema makubaliano yawe ya maandishi, yakieleza ni hati gani ya uthibitisho itakayofuatana na kila shehena. Mazungumzo hayo ya nusu saa huzuia hasara ambayo hakuna sindano inayoweza kuirekebisha baadaye.

Mwisho, tenga mapema madume unaowakusudia kuwa mbegu. Chanjo hii haitolewi kamwe kwa nguruwe wa kuzalisha. Kwa upande mwingine, madume wa aina mbili ambao kisu hakiwafai wananufaika nayo sana: mwenye ngiri, ambaye ukimpasua utumbo unaweza kutoka, na yule ambaye korodani moja imebaki tumboni. Chanjo haijali korodani ilipo, kwani huikata amri kule juu.

Kupanga kalenda kwa kurudi nyuma

Chukua karatasi na uandike chini kabisa siku ya kuchinja. Kwa maelekezo yanayotumika Ulaya, sindano ya pili hutolewa kati ya wiki 4 na 6 kabla ya siku hiyo. Sindano ya kwanza hutolewa angalau wiki 4 kabla ya ile ya pili, na nguruwe awe ametimiza wiki 8 au zaidi tangu kuzaliwa. Marekani umri wa kuanzia ni wiki 9, na kuchinja kunaruhusiwa kati ya wiki 3 na 10 baada ya sindano ya pili.

Tuchukue kundi litakalochinjwa likiwa na umri wa wiki 24. Ukirudi nyuma wiki 4 hadi 6 unapata wiki ya 18 hadi ya 20 kwa sindano ya pili, na ukirudi tena wiki 4 au zaidi unaona kwamba ya kwanza inaweza kuwekwa popote kati ya wiki ya 8 na ya 16. Nafasi hiyo pana ndiyo raha ya sindano ya kwanza: unaweza kuiunganisha na siku ambayo nguruwe wanahamishwa kwenda banda la kunenepea, kwa mfano wiki ya 10 au 11, ukawapunguzia usumbufu wa kukamatwa mara mbili. Sindano ya pili haina raha hiyo.

Sasa linakuja tatizo ambalo mifano ya vitabuni hulipita haraka. Nguruwe wa kundi moja hawafikii uzito kwa siku moja. Wakubwa wanaweza kuwa tayari wakiwa na wiki 22, na wadogo wakasubiri hadi wiki ya 26. Ukiweka sindano ya pili wiki ya 20 kwa kufikiria wastani, wakubwa wataondoka wiki 2 tu baadaye, wakati harufu bado imo kwenye mafuta. Kwa hiyo kalenda hupangwa kwa kumfuata nguruwe wa kwanza kuondoka, si wa katikati. Katika mfano huu sindano ya pili itolewe wiki ya 18: wakubwa watakuwa na wiki 4, na wa mwisho watakuwa na wiki 8, ambazo bado ziko ndani ya muda wa kinga. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba wale wa mwisho watanenepa zaidi kidogo, na hilo tutaliona kwenye sehemu ya chakula. Kati ya mafuta ya ziada na harufu, nachagua mafuta bila kusita.

Baada ya hapo andika tarehe zote mbili ukutani mwa banda, mahali ambapo mtu anayelisha ataziona kila siku. Daftari lililofungiwa kabatini halimkumbushi mtu.

Usalama wa anayechanja

Sehemu hii isirukwe. GnRF ya nguruwe na ya binadamu ni ileile, hivyo chanjo inayozima korodani za nguruwe inaweza kufanya vivyo hivyo kwa mtu aliyejichoma kwa bahati mbaya: inaweza kupunguza homoni za uzazi kwa muda, kwa mwanamume na kwa mwanamke, na inaweza kuathiri mimba. Kujichoma mara moja kuna hatari ndogo, lakini mwili hukumbuka, na hatari huongezeka sana kwa kujichoma mara ya pili. Ndiyo maana mtu aliyewahi kujichoma haruhusiwi kushika chanjo hii tena, hata kama ni miaka mingi imepita. Mwanamke mjamzito, au anayedhani anaweza kuwa na mimba, asichanje.

Tumia bomba maalumu la usalama ambalo sindano yake imefunikwa na kinga inayorudi nyuma pale tu inapogandamizwa kwenye ngozi, na ambalo lina kizuizi cha pili kwenye kishikio. Mabomba ya kawaida ya plastiki hayafai kwa kazi hii, hata kama mchanjaji ana mkono mwepesi. Ajali ikitokea, jeraha lioshwe vizuri kwa maji safi yanayotiririka, kisha mtu huyo aende kwa daktari mara moja akiwa na karatasi ya chanjo mkononi, kwa kuwa daktari wa binadamu huenda hajawahi kukutana nayo. Dawa ikirukia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi.

Chupa zihifadhiwe kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, mbali na mwanga, na zisigande kamwe. Chupa iliyoganda hutupwa kwa utaratibu wa taka za dawa, kwa sababu haiwezi kuaminiwa tena hata ikiyeyuka na kuonekana kama kawaida. Bandani zibebwe ndani ya kasha baridi, na barafu isigusane na chupa. Kuhusu chupa iliyokwisha kufunguliwa, karatasi ya boksi hueleza inaweza kukaa muda gani na kutobolewa mara ngapi.

Siku ya sindano ya kwanza

Chanja asubuhi, kabla ya joto na kabla nguruwe hawajashiba. Mgonjwa mwenye homa, anayekohoa au anayeharisha aachwe hadi apone, na aandikwe kwa namba yake, la sivyo atasahaulika. Katika kazi hii, nguruwe aliyesahaulika ni sawa na dume mzima.

Wakusanye kwenye sehemu nyembamba ya zizi kwa kutumia ubao wa kusukumia, wakiwa wamebanana kiasi cha kutoweza kugeuka lakini si kiasi cha kupandana. Simama nyuma ya bega la nguruwe. Mahali pa kuchoma ni shingoni, nyuma tu ya kitako cha sikio, pale ambapo ngozi ni laini na haina mikunjo. Shika bomba liwe wima dhidi ya ngozi, gandamiza hadi kinga irudi nyuma, toa mililita 2 zote, subiri kidogo, ndipo uchomoe. Sindano ya kawaida huwa na urefu wa milimita 12 hadi 15, lengo likiwa dawa ibaki chini ya ngozi na isizame kwenye msuli. Ukiona tone limerudi nje na kuteremka shingoni, dozi hiyo haijakamilika. Hesabu kwamba hajachanjwa na urudie kwa utulivu.

Papo hapo msaidizi ampulizie rangi mgongoni. Rangi hutangulia kumwachia nguruwe, haifuati. Nimeona mabanda ambamo watu hupaka rangi baada ya kumaliza watano watano, na jioni hakuna anayejua kwa yakini kama yule mweupe asiye na alama amechanjwa au amekosa. Idadi ya dozi zilizotoka kwenye chupa na idadi ya nguruwe wenye rangi ni lazima zilingane kabla ya mtu yeyote kuvua mabuti.

Badilisha sindano mara kwa mara na mara moja ikipinda, usiinyooshe. Ikikatikia ndani ya nguruwe, mtie alama ya kudumu na uandike, kwa sababu machinjio yatapaswa kujua. Baki bandani nusu saa baada ya mwisho. Nguruwe wachache sana hupatwa na mshtuko dakika chache baada ya chanjo: hupumua kwa shida, hubadilika rangi kuwa ya samawati, hutoa mate mengi au huanguka. Mara nyingi hali hiyo hupita ndani ya dakika 30, lakini daktari awe anapatikana kwa simu. Uvimbe mahali pa sindano ni jambo la kawaida na hupungua taratibu.

Baada ya sindano hii usitegemee kuona mabadiliko yoyote. Inaifundisha tu kinga ya mwili imtambue adui, na dume ataendelea kukua kama dume, jambo ambalo kwa mfugaji ni faida: atajenga msuli mwingi kwa chakula kidogo kuliko angekuwa amehasiwa akiwa mchanga.

Sindano ya pili

Taratibu ni zilezile, isipokuwa nguruwe sasa ni wazito na wenye nguvu, na ndiyo maana hatari ya mtu kujichoma huwa kubwa zaidi siku hii. Ongeza msaidizi mmoja na upunguze idadi ya nguruwe kwenye kila kibano. Madume wote wa chumba kimoja wachanjwe siku moja, kwa sababu mmoja aliyebaki mzima atawapanda na kuwauma wenzake waliotulia, nao hawatajitetea kama zamani.

Mtu asiyeelewa mantiki ya chanjo hii anaweza kushawishika, akiwa amechelewa, kuruka sindano ya pili kwa kufikiri kwamba moja ni afadhali kuliko hakuna. Sindano moja haifanyi kitu. Aliyepata moja tu achukuliwe kuwa hakupata.

Ukaguzi wa siku ya kumi hadi ya kumi na nne

Kingamwili hupanda ndani ya wiki moja baada ya sindano ya pili, na tabia hubadilika muda mfupi baadaye. Kati ya siku ya 10 na ya 14 ingia bandani, simama kimya robo saa na uangalie. Kundi lililoshika chanjo hula, hulala na kunusanusa sakafu. Anayeendelea kupanda wenzake, kutafuna povu mdomoni na kuanzisha ugomvi ni mshukiwa. Mtazame nyuma: korodani za waliofanikiwa huacha kukua na kusinyaa polepole, na ngozi yake hupoteza wekundu, ilhali za mshukiwa hubaki zimejaa, zimekaza na zenye rangi. Mshukiwa huchanjwa tena siku hiyohiyo, na hesabu yake ya wiki huanza upya, hata kama wenzake wataondoka kabla yake.

Sehemu hii huchukua dakika chache na hairuhusiwi kuachwa kwa kisingizio cha kazi nyingi. Ni nafasi ya mwisho ya kurekebisha kosa kabla halijafika kwa mnunuzi.

Chakula kabla na baada

Hadi sindano ya pili, na kwa takriban siku kumi hadi wiki mbili baada yake, walishe kama madume wazima. Dume hujenga msuli kwa kasi na huhitaji lisini, asidi amino ya kujengea msuli, nyingi zaidi kuliko nguruwe aliyehasiwa. Akipewa chakula cha wahasiwa, faida aliyokuwa nayo inapotea bure. Hapa ndipo wengi hujikosesha faida ya chanjo, kwa kuwachanganya na wengine na kuwapa wote chakula kimoja.

Kuanzia wiki ya pili baada ya sindano ya pili, hamu ya kula hupanda kwa ghafla na kwa kiasi kikubwa. Homoni zilizokuwa zikimfanya atembetembe, apigane na asile zimeondoka, na sasa anakula kama aliyefunga kwa muda mrefu. Kama vihori havitoshi, wadogo watasukumwa nje, na kundi litakalofika machinjioni litakuwa na uzito usiolingana. Hakikisha kwamba nafasi ya kulia na maji vinatosha kabla ya wiki hiyo. Katika kipindi hiki unaweza kupunguza lisini hatua kwa hatua, kwa kuwa sehemu kubwa ya ongezeko sasa inakwenda kwenye mafuta.

Kutokana na hilo unapata uwezo ambao kisu hakikupi, yaani kuchagua unene. Ukichinja wiki ya nne baada ya sindano ya pili, mzoga utakuwa mwembamba, karibu na wa dume mzima. Ukisubiri wiki ya saba au ya nane, mafuta ya mgongoni yataongezeka, tumbo litakuwa nene na mafuta yatakuwa magumu zaidi, jambo linalopendwa na watengenezaji wa bekoni na soseji, kwa sababu mafuta ya dume mzima huwa laini na hujitenga na nyama. Muulize mnunuzi anataka nini, ndipo uamue wiki.

Usafi una sehemu yake pia. Nguruwe anayelala juu ya kinyesi na mkojo, hasa wakati wa joto, huipata skatoli hata kupitia ngozi. Sakafu iwe kavu katika wiki za mwisho. Vyakula vyenye nyuzi zinazochachuka kwa urahisi, kama mizizi ya chikori au wanga mbichi wa viazi, hupunguza utengenezaji wa skatoli utumboni, lakini visichukuliwe kuwa mbadala wa chanjo, kwani havigusi androstenoni hata kidogo.

Machinjioni

Usiwachanganye makundi wakati wa kupakia. Madume wanaopigana njiani hutumia akiba yote ya sukari ya misuli, na nyama yao huwa nyeusi, kavu na ya kunata, isiyodumu hata ikiwa haina harufu. Waliochanjwa vizuri hupigana kidogo, lakini wageni kwa wageni bado hugombana.

Tegemea kwamba asilimia ya mzoga ikilinganishwa na uzito hai itakuwa chini kidogo kuliko ya waliohasiwa kwa kisu, kwa kuwa viungo vya uzazi bado vipo na utumbo umejaa kutokana na ulaji mwingi. Uzito unaotakiwa upangwe kwa kuzingatia hilo.

Mizoga ya kwanza ya kila kundi ipimwe kwa pua. Kata kipande cha mafuta cha shingoni chenye ukubwa wa kidole gumba, kiweke ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, ipashe moto hadi mafuta yaanze kung'aa na kutoa jasho, kisha fungua na unuse mara moja, kwa mvuke wa kwanza. Kinachonuswa kwa mara ya pili hakisemi kweli. Mpimaji awe mtu aliyethibitika kuwa anaisikia androstenoni, na apumzike kati ya kipande na kipande, kwani pua huchoka haraka. Katika machinjio makubwa kazi hii hufanywa kwa kugusisha chuma cha moto kwenye mafuta ya mzoga ukiwa bado unaning'inia. Kipande chenye shaka kilinganishwe na korodani za mzoga huo, ambazo mkaguzi amezihifadhi kwa namba: zikiwa kubwa na zimejaa, rudi kwenye daftari, na mara nyingi utakuta ni yule aliyekuwa mgonjwa siku ya sindano.

Watakaobaki nyuma

Kila kundi huwa na wachache wasiofikia uzito, na hao ndio hubaki kwenye chumba cha mwisho wakisubiri gari la pili au la tatu. Kinga haidumu daima. Kadiri wiki zinavyopita kingamwili hupungua, amri kutoka ubongoni huanza kupita tena, na korodani huamka. Kama kuna uwezekano kwamba nguruwe atachinjwa zaidi ya wiki 10 baada ya sindano yake ya pili, apewe ya tatu wiki 4 hadi 6 kabla ya siku mpya ya kuchinjwa. Kwa hiyo wanapoondoka wenzao, andika kwenye mlango wa chumba hicho tarehe ambayo wiki ya kumi itatimia, kwa chaki kubwa, na jina la mtu atakayewajibika nayo.